Gesi za Friji: Ipi Ipozayo Vema?



Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kitu kisichoonekana, nacho ni gesi iliyofungwa ndani ya mabomba ya friji. Lililotusukuma ni jambo lililotupata sisi wenyewe. Friji ya jiko la chuo chetu cha ualimu iliacha kupoza. Akaitwa fundi, akaitazama, akasema, "Gesi imekwisha." Akatia gesi nyingine, akapokea ujira wake, akaenda zake. Tangu saa ile mashine ilinguruma usiku na mchana bila kupumzika, lakini maziwa hayakupoa. Siku ya tatu maziwa yote yalikuwa yamechacha, tukayamwaga. Ndipo wanafunzi wetu walipotuuliza: "Je, Mwalimu, gesi si gesi tu? Na kama zatofautiana, ipi ipozayo vema kuliko zote?"

Swali hilo lilikuwa jema, nasi hatukuweza kulijibu kwa neno moja. Basi tufuatane polepole, tuanze na kitu ambacho kila mmoja wetu anacho nyumbani.

Mtungi wa udongo huyafanya maji kuwa baridi hata katika siku za jua kali. Sababu yake ni kwamba udongo una vitundu vidogo mno. Maji hupenya, hufika upande wa nje, na huko hugeuka kuwa mvuke. Maji hayawezi kugeuka mvuke pasipo kupata joto, na joto hilo huyachukua kwa jirani yake, yaani kwa mtungi na maji yaliyobaki ndani. Mkitaka kuona jambo hili kwa upesi zaidi, tieni tone la spiriti juu ya mgongo wa mkono. Mtasikia baridi mara moja, ingawa chupa ya spiriti ilikuwa katika chumba kile kile mlichomo. Spiriti ikiondoka, huondoka na joto la mkono. Hili ndilo shina la habari yote: kitu cha majimaji kikigeuka kuwa mvuke, hunyang'anya joto kilicho karibu nacho.

Lakini maji ni mazito wa kugeuka. Huchemka penye digrii 100. Friji yahitaji kitu kichemkacho hata katika baridi. Viko vitu vya namna hiyo. Isobutani huchemka penye digrii 12 chini ya sifuri. Gesi iitwayo R-134a, digrii 26 chini ya sifuri. Amonia, digrii 33 chini ya sifuri. Na propani, digrii 42 chini ya sifuri. Kwa vitu hivi hata barafu ni moto wa kuvichemsha.

Sasa tazameni jinsi mashine ifanyavyo kazi. Katika mabomba ya ndani, gesi iliyo majimaji huchemka na kuchukua joto la chakula. Mvuke wake hufyonzwa na kompresa, yaani ile pampu iliyo chini nyuma, nayo huukandamiza kwa nguvu hata ukawa moto. Mvuke huo hupita katika mabomba ya nyuma, hutoa joto lake katika hewa ya chumba, na kwa kuwa umebanwa sana hurudi kuwa majimaji. Kisha majimaji hayo hupenya katika mrija mwembamba, nguvu ya kubanwa hupungua ghafula, nayo huingia tena ndani kuanza safari mpya. Wekeni mkono karibu na mabomba ya nyuma, mtasikia joto. Hilo ndilo joto lililotolewa katika chakula chenu, pamoja na joto la kazi ya kompresa.

Hapa hapana budi tusahihishe kosa la watu wengi. Gesi ya friji hailiwi kama mafuta ya taa katika kandili. Huzunguka tu, miaka kumi, ishirini, na zaidi, ikiwa mabomba ni mazima. Basi fundi akisema, "Gesi imekwisha," maana yake gesi imevuja, na penye tundu pangali pana tundu. Kujaza gesi bila kuziba tundu ni kama kuteka maji kwa pakacha.

Tumekwisha kuijua njia. Sasa tuziweke gesi katika mizani. Nazo ni mizani tatu, wala hazitoi jibu moja. Katika zote tatu tutadhani kwamba ndani ya mabomba ya friji baridi ni digrii 15 chini ya sifuri, na kwamba katika mabomba ya nyuma gesi hugeuka majimaji penye digrii 30. Hiki ndicho kipimo ambacho wataalamu wamekitumia tangu zamani ili kulinganisha gesi.

Mizani ya kwanza ni ya uzito. Tukichukua kilo moja ya kila gesi na kuizungusha mara moja, je, joto litakaloondolewa latosha kupoza lita ngapi za maji kwa digrii 10? Gesi ya R-12, iliyotumika sana zamani, hupoza lita 3 kasoro kidogo. R-134a hupoza lita 3 na nusu. Isobutani hupoza lita 6 na zaidi kidogo. Propani hupita lita 6 na nusu. Amonia hupoza lita 26, yaani debe zima na ziada. Kwa mizani hii amonia ni mfalme, wala hana wa kumkaribia. Isobutani nayo si haba. Ni sababu mojawapo ya friji zake za nyumbani kutiwa gesi kidogo sana, mara nyingi gramu chache kumi tu.

Mizani ya pili ni ya ujazo. Kompresa haipimi kwa kilo; huchota kwa kikombe chake, na kikombe hicho hakikui wala hakipungui. Nanyi mwajua kwamba kibaba cha pamba na kibaba cha mchele havina uzito mmoja. Mvuke wa isobutani ni mwepesi kama pamba. Kikombe kikijaa, kilichomo ni kidogo. Kwa hiyo, kwa kikombe kile kile, isobutani huleta baridi karibu nusu tu ya ile iletwayo na R-134a. Propani huleta mara moja na nusu ya R-134a, na amonia hupita hapo.

Sasa twarudi kwenye maziwa yetu. Kibao kilichobandikwa nyuma ya friji ya chuo kilisema wazi kwamba mashine ile iliundwa kwa R-134a. Fundi alitia isobutani. Gesi ilikuwa nzuri, na fundi labda hakuwa na nia mbaya, lakini kikombe cha kompresa kilikuwa kidogo. Mashine ilichota usiku na mchana, ikaleta nusu ya baridi iliyotakiwa, na nusu haikutosha katika jiko lenye joto. Friji iliyoundwa kwa isobutani tangu kiwandani hupewa kompresa yenye kikombe kikubwa zaidi, nayo hupoza vizuri kabisa. Basi kosa halikuwa la gesi wala la mashine. Vitu viwili visivyooana vilifungwa pamoja.

Mizani ya tatu ni ya kazi, nayo ndiyo imhusuyo mwenye kulipa umeme. Tukiipa kompresa kazi ya kipimo kimoja, je, twapata vipimo vingapi vya baridi? Hapa kuna jambo la kustaajabisha. Amonia, R-12, isobutani, R-134a na propani, zote huangukia karibu na vipimo 4 na nusu, nyingine juu kidogo. Tofauti zilizokuwa kubwa katika mizani mbili za kwanza karibu zatoweka. Kwa nini? Mwaka 1824 Mfaransa Sadi Carnot alionyesha kwamba kazi ya mashine za joto ina mpaka, na mpaka huo hutokana na joto la upande mmoja na joto la upande wa pili, wala si na kitu kilichomo ndani. Kwa kipimo tulichokitaja, hata mashine isiyopoteza chochote isingeweza kupita vipimo 5.7. Gesi zote hizi hukwea mlima mmoja, na kilele ni kimoja.

Iko moja iliyoachwa nyuma. Hiyo ni hewa ukaa, ile itokayo katika pumzi zetu, ambayo nayo yaweza kutumiwa katika mashine za baridi. Kwa kipimo kile kile haifikishi vipimo 3. Kasoro yake ni kwamba ikipita digrii 31 haikubali tena kugeuka majimaji, hata ikibanwa namna gani. Katika nchi za Ulaya zenye baridi, maduka makubwa huitumia kwa faida. Lakini mchana wa Mombasa au Dar es Salaam wakati wa kaskazi, hewa yenyewe hupita digrii 31, na hapo mashine ya hewa ukaa hutaka vyombo vya ziada ili isile umeme mwingi.

Huenda sasa mkauliza: ikiwa katika kazi gesi hizi karibu zalingana, mbona wanadamu wamezibadili mara nyingi? Jibu ni kwamba hawakuzibadili kwa ajili ya baridi. Walizibadili kwa ajili ya madhara yake zinapovuja.

Mwaka 1834 Jacob Perkins, Mmarekani aliyekaa London, alipewa hati ya mashine ya baridi iliyotumia etha, kitu kiwakacho upesi mno. Katika miaka ya 1870 Mjerumani Carl von Linde alitengeneza mashine za amonia, nazo zikaenea katika viwanda vya bia na vya barafu. Amonia hupoza vema, lakini huchoma macho na mapafu, na ikiwa nyingi huua. Friji zilipoanza kuingia majumbani katika miaka ya 1920, nyingi zilitumia amonia, au hewa ya kiberiti, au kloridi ya methili, zote zikiwa sumu. Watu walikufa vitandani usiku mabomba yalipovuja. Wataalamu mashuhuri Albert Einstein na Leo Szilard, waliposikia habari za jamaa moja ya Berlin iliyokufa hivyo, walishika kalamu na kubuni friji isiyo na pampu yenye vyuma vya kuzunguka, ili pasiwe na mahali pa kuvujia.

Mwaka 1928, huko Marekani, Thomas Midgley na wenzake walipata dawa iliyoonekana kumaliza shida yote, nayo ni R-12. Haikuwaka wala haikuwa sumu. Mwaka 1930 Midgley alisimama mbele ya mkutano wa wataalamu, akaivuta kwa pumzi, kisha akaipuliza juu ya mshumaa uwakao, mshumaa ukazimika. Watu walishangilia, na kwa miaka mingi R-12 ilijaa katika friji za dunia.

Lakini hakuna masika yasiyo na mbu. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi za jamii hiyo, kwa kuwa hazichakai upesi, hupanda juu sana angani, na huko klorini yake huharibu ozoni, ile tandiko linalotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka 1985 wataalamu Waingereza walitangaza kwamba ozoni ya juu ya bara la Antaktika ilikuwa imepungua vibaya. Tarehe 16 Septemba 1987 mataifa yalitia sahihi mkataba huko Montreal, katika nchi ya Kanada, wa kuziondoa gesi hizo. Mwaka 1995 Molina na Rowland, pamoja na Paul Crutzen, walipewa tuzo ya Nobel.

Badala ya R-12 ikaja R-134a. Hii haina klorini, wala haidhuru ozoni. Ila ina dhara lake jingine: ikivuja hukaa angani na kuzuia joto la dunia lisitoke, kama blanketi. Kilo moja yake, kwa muda wa miaka 100, huongeza joto sawa na hewa ukaa ya kilo zaidi ya 1,300. R-12 ilikuwa mbaya zaidi, kwani kilo yake moja ilipita kilo 10,000. Isobutani na propani hazifiki kilo 10, na amonia haina dhara hilo.

Na hapa habari yafika karibu na kwetu. Tarehe 15 Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, mji mkuu wa Rwanda, wakakubaliana kupunguza gesi za jamii ya R-134a. Mapatano hayo yalianza kutumika mwaka 2019. Nchi nyingi zinazoendelea zilipewa hata mwaka 2024 kusimamisha ongezeko, na hata mwaka 2045 kupunguza kwa sehemu 80 katika 100. Kwa hiyo mabadiliko haya si mambo ya mbali. Yanaingia katika maduka yetu na katika karakana za mafundi wetu.

Basi tumerudi kwa gesi za zamani, lakini kwa hadhari mpya. Mwaka 1993 kiwanda kimoja cha Ujerumani kilianza kuuza friji zilizotumia mchanganyiko wa propani na isobutani. Na baadaye isobutani peke yake ikawa gesi ya kawaida ya friji mpya za nyumbani katika nchi nyingi. Gesi hii huwaka, nayo ni ndugu ya gesi ya kupikia. Lakini friji yake hutiwa kidogo tu; kanuni za kimataifa ziliweka mpaka wa gramu 150 kwa friji ya nyumbani, na nyingi hazifiki nusu ya hapo. Tena swichi zake huwekwa mahali ambapo cheche haitakutana na gesi iliyovuja.

Amonia nayo ina makao yake, ambayo ni viwanda vikubwa vya barafu, vya samaki, vya nyama na vya maziwa, mahali penye waangalizi waliofundishwa na hewa ya kutosha. Hata friji za mafuta ya taa, zilizohudumia hospitali nyingi za misheni zisizokuwa na umeme, zilikuwa na amonia ndani yake. Zilibuniwa mwaka 1922 na vijana wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters. Moto mdogo ndio uliofanya kazi ya kompresa.

Sasa twaweza kuwajibu wanafunzi wetu. Gesi ipi ipozayo vema? Kwa uzito, ni amonia. Kwa kikombe cha kompresa, ni amonia na propani. Kwa umeme, nyingi ni karibu sawa, na mashine ndiyo itengayo nzuri na mbaya kuliko gesi. Kwa usalama wa anga, ni amonia, isobutani na propani. Na kwa friji iliyo mbele yako, gesi ifaayo ni ile iliyoandikwa katika kibao chake.

Kabla ya kuagana, twawapa maneno manne ya kushika.

La kwanza: someni kibao kilicho nyuma ya friji, au ndani yake, kabla ya kumwita fundi. Kikisema R600a, hiyo ni isobutani; kikisema R134a, ndiyo R-134a. Mwambieni fundi jina hilo, na mwone kwa macho yenu kwamba chupa aliyoileta ina jina lile lile.

La pili: msikubali kamwe friji itiwe gesi ya kupikia, hata kama ni rahisi. Gesi ya kupikia ina mchanganyiko usio na kipimo kimoja, na dawa ya harufu, na pengine unyevu. Tena friji ya R-134a haikuundwa kuhimili gesi iwakayo. Cheche ndogo ya swichi yaweza kuunguza nyumba. Hili tuliliwaza baadaye, tulipokwisha kumwaga maziwa, tukaona kwamba hasara ile ilikuwa ndogo kuliko ile iliyoweza kutupata.

La tatu: msikwangue barafu kwa kisu. Bomba la gesi li chini yake, jembamba, na tundu moja latosha kuharibu friji nzima. Zimeni umeme, acheni barafu iyeyuke yenyewe.

La nne: kumbukeni ule mpaka wa Carnot. Kadiri upande wa nyuma unavyokuwa wa moto, ndivyo kazi inavyozidi. Wekeni friji mbali na meko na jua, acheni nafasi kati yake na ukuta, futeni vumbi katika mabomba ya nyuma, na tazameni kwamba mpira wa mlango wafunga sawasawa. Mambo haya hayataki fedha, nayo yaweza kuokoa umeme kuliko kubadili gesi.

Mwisho twawaomba mfikirie zahanati ya kijiji chenu. Humo mna friji ya chanjo za watoto, nazo chanjo hizo nyingi hutaka kukaa kati ya digrii 2 na digrii 8, zisipungue wala zisizidi. Maziwa yakichacha, pua itatuambia. Chanjo ikiharibika haina harufu. Mtoto atachomwa sindano, mama atarudi nyumbani akiwa na moyo mtulivu, na kinga isiwepo. Ndiyo sababu twasema kwamba jina la gesi, lile dogo lililoandikwa katika kibao, si jambo la fundi peke yake. Yeyote ajuaye kusoma kijijini aweza kulisoma, na kulisema kwa sauti siku fundi atakapokuja.

Kwa leo twakoma hapa. Kwaherini.